Malongo na Mtoto Asiyeshtuka

Katika kitongoji kimoja cha kata ya Kaniha, wilaya ya Biharamulo, hakuna mtu aliyekuwa na haja ya saa ya kengele. Walikuwa na Malongo.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Malongo alifungua zizi na kuwaita ng'ombe wake. Aliwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti aliyohama nayo kutoka Shinyanga. Sauti hiyo iliamsha kuku. Iliamsha mbwa. Ilimwamsha jirani yake Gervas, ambaye alinung'unika kidogo kitandani, kisha akaenda kufungua zizi lake mwenyewe. Malongo akipiga simu, watu walisema anaiharibu bure chaji, maana huko anakopiga wangemsikia hata bila simu.

Mtu mmoja tu hakuamka kwa sauti ya Malongo. Huyo alikuwa binti yake Kwandu, mtoto wake wa kwanza, mwenye umri wa miezi kumi. Kwandu alilala mpaka mama yake, Happyness, alipomgusa.

Je, Malongo alipata wasiwasi? Wasiwasi gani! Malongo alijivuna.

"Huyu hashtuki," aliwaambia wageni. "Tazameni."

Alichukua debe tupu na mwiko, akasimama karibu na mtoto aliyelala, akapiga. Wageni waliziba masikio. Mbuzi walikimbia. Kwandu aliendelea kulala, mdomo wazi, mate yakimtoka kidogo pembeni.

"Ana moyo wa chuma!" wageni walisema. Malongo alicheka kwa furaha, utafikiri ni yeye aliyepewa sifa.

Kwa kweli Malongo alikuwa na sababu yake. Kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa kuchagua ndama wa kufundishwa kulima. Watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali awachagulie.

"Ndama anayeruka kila akisikia kitu atavunja nira," aliwaambia. "Chukua yule asiyeshtuka. Huyo ndiye atakayekuwa maksai." Kisha alimnyooshea Kwandu kidole. "Na mtoto ni hivyo hivyo. Huyu wangu atakuwa mkuu wa wilaya."

"Mtoto si ndama, Baba Kwandu," Happyness alisema.

"Nani amesema ni ndama? Nimesema mkuu wa wilaya."

Happyness hakucheka. Yeye ndiye aliyeshinda na mtoto. Alimwita Kwandu akiwa jikoni, na Kwandu hakugeuka. Alimwimbia akiwa amembeba mgongoni, na Kwandu alikuwa anatazama nzi. Watoto wa umri wake walisema "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma" kutwa nzima. Kwandu alikuwa na kelele moja tu, ya kulilia ziwa. Lakini akiuona uso wa mama yake, alitabasamu mpaka mwili mzima ukacheza.

Siku ya kliniki ilifika. Akina mama walikaa kwenye mabenchi wakisubiri kupima watoto uzito. Aliyewapanga alikuwa Domisiana, au Mama Kezia, mhudumu wa afya wa jamii. Mama huyu alizaliwa Rulenge, wilaya ya Ngara, akaolewa Kaniha miaka mingi iliyopita. Alikuwa na tabia ya kuchezesha mikono kila alipozungumza, kama mtu anayekanda unga hewani.

Mara beseni la chuma likaanguka sakafuni. Paaa! Watoto wote wakaanza kulia. Wote, isipokuwa Kwandu. Yeye alikuwa anatafuna kona ya kadi yake ya kliniki kwa utulivu mkubwa.

Domisiana alimtazama. Kisha alimtazama Happyness. Alimsogelea.

"Shikamoo mama," Happyness alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto huwa anageuka ukimwita?"

Happyness alifungua mdomo ajibu, na badala ya jibu yakatoka machozi.

"Usilie," Domisiana alisema. "Kesho nitakuja nyumbani. Mwambie baba yake asiende malishoni kabla sijafika. Nataka nyote wawili."

"Baba yake atasema mtoto ni jasiri."

"Aseme. Mimi nitakuja tu."

Kesho yake Domisiana alimkuta Malongo uwanjani amejiandaa. Alikuwa na debe, mwiko, sufuria mbili na kengele ya ng'ombe.

"Karibu, Mama Kezia!" alisema, na mbwa wakabweka. "Nimesikia unasema binti yangu hasikii. Kaa hapo ujionee mwenyewe."

Alimkalisha Kwandu kando yake kwenye benchi, kisha akalipiga benchi hilo kwa kiganja. Kwandu aligeuka mara moja.

"Haya! Umeona?"

"Nimeona benchi likitikisika," Domisiana alisema. "Hata mimi matako yangu yamesikia."

Malongo alisimama mbele ya mtoto akagonganisha sufuria. Kwandu alizitazama, akacheka.

"Haya!"

"Ameona sufuria zinang'aa. Nani asingezitazama?"

Malongo alizunguka nyuma ya mtoto akanyata. Kabla hajaita, Kwandu aligeuka akamwangalia.

"Haya sasa! Hata sijaita, amesikia!"

"Jua liko mgongoni kwako, baba. Kivuli chako kimefika kabla yako. Na kama si kivuli, ni harufu ya zizi."

Happyness aliangalia chini ili mume wake asimwone anacheka.

"Sikilizeni," Domisiana alisema. "Mtoto asiyesikia anajua mengi. Anaona. Ananusa. Anahisi ardhi ikitikisika na upepo wa mlango ukifunguliwa. Ndiyo maana wazazi wengi wanadanganyika. Tukitaka kupima nyumbani, tuhakikishe hana njia nyingine isipokuwa masikio."

Akapanga mambo yake. Happyness alikaa na kumpakata mtoto. Domisiana alipiga magoti mbele, akampa Kwandu kijiko achezee, ili macho yake yatulie. Malongo aliambiwa akae nyuma, hatua mbili, mahali ambapo kivuli chake hakifiki.

"Usimguse. Usipige miguu chini. Mwite tu jina lake. Anza polepole."

"Kwandu," Malongo aliita.

Mtoto alilamba kijiko.

"Kwandu!"

Mtoto alikigeuza kijiko akalamba upande wa pili.

Basi Malongo alivuta pumzi, akaita kama anavyoita ng'ombe aliyepotelea porini.

"KWANDUUUU!"

Kuku waliruka juu ya paa la banda. Gervas alitoka mbio kwake na panga mkononi, akidhani kuna wezi. Kando ya zizi walikuwa wamefungwa maksai wawili wa Malongo. Maksai aliyeitwa Karani aliinua kichwa, akaja mbio akiburuta kamba yake, akasimama mbele ya Malongo kusubiri maagizo.

Kwandu alikuwa bado na kijiko chake.

Domisiana alimtazama mtoto, kisha macho yake yakaenda kwa maksai wa pili, aliyeitwa Meja. Meja alikuwa amewapa mgongo wote. Alikuwa anakula majani, na hakuwa ameinua hata sikio moja.

"Yule mwingine vipi?" aliuliza.

Malongo alikohoa. "Yule? Yule ana kiburi."

Gervas aliingiza panga lake kwapani, akatazama mawingu.

Domisiana hakuendelea na habari za maksai. "Mimi si daktari," alisema. "Nilichofanya hapa si kipimo kamili. Lakini kinatosha kusema twende hospitali. Kuna vipimo vya masikio ya watoto wachanga. Mtoto wa siku chache tu anaweza kupimwa."

"Tutakwenda," Malongo alisema. "Tukimaliza kulima. Na kwanza nitamtia samli ya moto kidogo masikioni. Huenda ni uchafu tu."

"Thubutu!" Domisiana alisimama. "Usimtie kitu masikioni! Si samli, si dawa ya majani, si maji ya chumvi. Utamuunguza, utamtoboa, na hata kile kidogo anachosikia ukiue. Na usingoje kumaliza kulima. Ubongo wa mtoto unashika lugha katika miaka hii ya mwanzo. Akivuka miaka hiyo hana lugha yoyote, si ya sauti wala ya mikono, kumfundisha baadaye inakuwa kazi ngumu sana. Sio kwamba hana akili. Amenyimwa tu chakula cha akili wakati ana njaa nacho."

"Akisikia au asiposikia, mimi ni baba yake. Nitamlea."

"Utamlea. Lakini mtakuwa mnazungumza nini?"

Malongo alichukua plau, akawafunga Meja na Karani nira, akaenda shambani.

Shamba la Malongo lilikuwa kando ya njia. Watu walipopita, alipaza sauti. "Meja, kushoto! Karani, simama!" Wapita njia walivutiwa. Maksai wale walitii kama askari.

Lakini wakati njia ilipokuwa tupu, Malongo hakusema kitu kwa Meja. Alimgusa nyongani kwa fimbo mara mbili, na Meja akageuka kushoto. Alimwekea mkono shingoni, na Meja akasimama. Kila alipotaka kumpa amri mpya, alitembea kwanza mpaka mahali ambapo Meja angemwona.

Meja hakuwa na kiburi. Meja alikuwa hasikii. Malongo alimnunua mnadani miaka minne iliyopita kwa sababu alikuwa hashtuki. Wiki ya kwanza aligundua kosa lake. Yeye, mchaguzi wa ndama anayefuatwa kutoka mbali, amenunua ng'ombe kiziwi! Alikaa kimya. Alimfundisha Meja kwa siri, kwa fimbo na mkono na macho, mpaka akawa maksai bora kuliko wote. Zile kelele za kando ya njia zilikuwa za watu tu.

Siku hiyo, alipofika mpakani na shamba la Gervas, Malongo alisimama. Alikumbuka jambo alilolikimbia kwa muda mrefu. Kwandu alipokuwa na miezi minne, siku moja Malongo alirudi kutoka malishoni akamwita kutoka nyuma. Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Hakugeuka. Akazunguka mbele, na Kwandu alipomwona akarusha mikono na miguu kwa furaha. Ilikuwa vile vile kwa Meja. Malongo alijua siku hiyo hiyo. Alijua, akaogopa, akaokota debe na mwiko akaanza kuwaonyesha wageni mtoto jasiri.

Aliogopa nini? Sauti ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho kuwazidi watu. Kama binti yake hasikii sauti hiyo, atamjuaje baba yake? Malongo alikaa juu ya plau, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Meja alisubiri bila haraka. Karani alitumia nafasi hiyo kula mahindi machanga ya Gervas.

Aliporudi nyumbani jioni, Happyness alikuwa anachagua maharage.

"Mama Kwandu," Malongo alisema. "Kuna jambo sijakuambia. Meja hasikii. Tangu nilipomnunua."

Happyness alimkodolea macho. Kisha alianza kucheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Kitongoji kizima kinajua!" alisema. "Gervas anampigia kengele ya baiskeli mgongoni kila siku akipita. Watu wanakuacha upige kelele zako barabarani kwa kuwa wanakupenda."

Malongo aliona aibu ya miaka minne ikimwangukia kwa siku moja. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Na mtoto pia nilijua. Tangu ana miezi minne."

Kicheko kilikatika.

"Miezi sita," Happyness alisema polepole. "Miezi sita nalia peke yangu jikoni. Nadhani ni mimi niliyekosea. Nadhani ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito. Na wewe ulikuwa unapiga debe?"

Malongo alichutama akaanza kuokota maharage moja moja.

"Nisamehe," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa, alisema neno ambalo Gervas hakulisikia. "Kesho tumwambie Mama Kezia atuandikie barua ya kwenda hospitali. Shamba litangoja."

Safari ya hospitali huko Mwanza ilikuwa ndefu, lakini kipimo kilikuwa kifupi. Mtaalamu wa usikivu, dada aliyeitwa Anjelika, aliweka kitu laini katika sikio la Kwandu na kubandika nyaya ndogo kichwani. Alitaka mtoto alale. Kwandu alikuwa ameshalala.

"Huyo hata umpigie debe," Malongo alianza kusema. Happyness alimkanyaga mguu.

"Mashine inapeleka sauti ndani ya sikio," Anjelika alieleza, "halafu inasoma kama sikio na ubongo vimejibu. Mtoto hana haja ya kusema lolote."

Majibu yalitoka. Kwandu alikuwa anasikia kidogo sana katika masikio yote mawili.

"Ni kosa langu?" Happyness aliuliza.

"Si kosa la mtu. Wengine huzaliwa hivyo, wengine huipata kwa ugonjwa au kwa kuzaliwa kabla ya wakati. Huyu aliugua manjano makali alipozaliwa, nimeona kwenye kadi. Huenda ni hiyo. Mara nyingine hatupati sababu kabisa. Tuangalie mbele."

Walimchukulia Kwandu vipimo vya matundu ya masikio. Baada ya wiki kadhaa walirudi kuchukua shimesikio, vifaa viwili vidogo vya kukuza sauti, kimoja kwa kila sikio. Malongo alizishika kwa vidole viwili.

"Kwa hiyo tukimvalisha hizi, kazi imekwisha," alisema.

"Hapana, baba. Kazi ndiyo inaanza, na ni ya kwenu," Anjelika alisema. "Mimi nitamwona Kwandu mara nne kwa mwaka. Nyinyi mko naye kila siku, akila, akioga, akicheza. Lugha ataipata kwenu. Shimesikio zitamsaidia kupata sauti kiasi, si zote. Kwa hiyo mtaongea naye kwa mdomo na kwa mikono pia, kwa lugha ya alama. Lugha ya alama haimzuii mtoto kuongea. Inampa maneno sasa hivi."

Aliwasha shimesikio. "Haya, baba, mwite. Ila taratibu. Nong'ona."

Malongo alijaribu kunong'ona. Mnong'ono wake ulimfanya muuguzi wa chumba cha pili achungulie mlangoni. Lakini Kwandu aliacha kunyonya kidole. Alitulia tuli. Macho yakawa makubwa. Alitazama juu, akatazama chini, kama mtu anayetafuta kilichoanguka. Happyness alishika mkono wa mume wake.

Nyumbani sasa kulikuwa na darasa. Kila Jumamosi Domisiana alikuja na binti yake Kezia, fundi cherehani wa sokoni. Kezia alikuwa hasikii tangu utotoni. Malongo alikuwa akimwonea huruma kwa mbali. Alipokaa naye nusu saa, huruma ilimwisha. Kezia alikuwa na maneno kuliko yeye! Mikono yake ilisimulia habari za sokoni, nani amegombana na nani, nani ameshona suruali ikambana. Domisiana alitafsiri mbio mbio na bado alibaki nyuma.

Malongo alikuwa mwanafunzi msumbufu. Kila alipoonyesha alama, alipiga na kelele.

"MAJI!" alisema, mikono ikihangaika.

"Baba Kwandu," Domisiana alimwambia, "Kezia hakusikii, na sisi tuliobaki tumechoka. Ongea kawaida. Ukipaza sauti, shimesikio zinamuumiza mtoto, na uso wako unatisha."

Alama ya maziwa aliipata siku ya kwanza, kwa kuwa ilifanana na kukamua. Alitamba nayo wiki nzima. Aliionyesha kwa Gervas, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mchungaji baada ya ibada.

Kezia alitaka kuwafundisha namna ya kumpata mtoto kwanza. Alimgusa Kwandu begani taratibu. Alisubiri mpaka Kwandu amtazame. Alichuchumaa ili uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, mahali penye mwanga. Ndipo akaonyesha alama.

Malongo alipiga paja. "Lakini hivi ndivyo ninavyofanya na Meja! Namgusa, nasubiri anione, ndipo namwambia."

"Usimfananishe mwanangu na maksai," Happyness alisema.

"Simfananishi. Najilaumu mimi. Nilikuwa na subira kwa ng'ombe miaka minne, mtoto nikampigia debe."

Domisiana alimtafsiria Kezia. Kezia alimpa Malongo mkono kwa heshima.

Haikuwa rahisi kila siku. Kwandu alizichomoa shimesikio na kuzitupa. Moja waliikuta ndani ya kibuyu cha maziwa mgando, wakaikausha kwa kitambaa na kuirudisha kwa Anjelika ikatengenezwe. Kezia alishona kofia nyepesi yenye kamba, na mchezo huo ukaisha. Happyness aliweka betri juu kabisa, ndani ya kopo lenye mfuniko.

"Mtoto akimeza betri ndogo kama hii, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo," Anjelika alikuwa amewaonya. "Msingoje kuona dalili."

Malongo na Happyness walimwambia Kwandu kila kitu. Walipomwogesha walionyesha maji. Walipomlisha walionyesha uji. Walipompeleka zizini walimwonyesha ng'ombe, na ndama, na mavi ya ng'ombe, kwa kuwa aliyakanyaga. Miezi ilipita. Kwandu alitazama tu. Malongo alianza kukata tamaa.

"Anajaza ghala," Domisiana alimtuliza. "Hata mtoto anayesikia husikiliza mwaka mzima kabla ya kusema neno."

Siku moja, Kwandu akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, alimtazama mama yake, akafumba na kufumbua ngumi. Maziwa! Happyness alimpa maziwa mengi kiasi kwamba mtoto alitapika. Baada ya hapo yakaja mengine. Maji. Kuku. Mama. Ndama. Alama za Kwandu zilikuwa za kitoto, zimepinda, lakini zilieleweka. Na kwa sauti alianza kusema "ma".

Neno moja tu halikuja. Alama ya baba walimfundisha kila siku, na kila siku Kwandu aliiangalia na kuiacha. Malongo hakumwambia mtu, lakini jambo hilo lilimuuma. Ile hofu ya siku ya plau ilikuwa bado ipo. Amemjua kuku, amemjua ndama. Mimi je?

Kisha Happyness aligundua kitu cha ajabu. Malongo akienda malishoni, Kwandu alikuwa anasimama mlangoni, anapanua mdomo mpaka mwisho na kuweka kiganja kando ya shavu. Happyness alimpa uji. Kwandu aliukataa. Mama yake alimtazama meno. Hayakuwa na tatizo. Mtoto aliendelea kupanua mdomo, akinyoosha kidole kuelekea zizini.

Jumamosi Kezia alipomwona, aliangua kicheko. Alikaa chini kabisa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa tepu ya kupimia nguo. Mikono yake ilisema na mama yake akatafsiri.

"Anasema viziwi humpa kila mtu jina la alama, kwa kitu kinachomtambulisha. Kwandu amempa baba yake jina. Hilo mnalomfundisha la baba ni la akina baba wote. Hili ni la Malongo peke yake."

"Ndiyo nini sasa?" Malongo aliuliza. "Mdomo wazi?"

"Mdomo wazi," Domisiana alisema. "Anaiona sauti yako, Baba Kwandu. Siku hizi kila asubuhi anaamka na kukutazama ukiwaita ng'ombe."

Malongo alijaribu kukasirika, akashindwa. Alimbeba binti yake. Kwandu alimtazama kwa karibu, akapanua mdomo wake wenye meno sita, akaweka kiganja shavuni. Malongo alimwitikia kwa mikono, huku macho yake yamejaa machozi mbele ya watu wote, na hakujali. Wiki haikuisha kabla kitongoji kizima hakijalijua jina hilo. Hata mwenyekiti alilitumia mkutanoni.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, Malongo alifungua zizi. Alivuta pumzi awaite ng'ombe. Kabla hajaita, alimwona Kwandu mlangoni, ameamka, amevaa kofia yake ya kamba. Mtoto alimwita kwa jina lake.

Malongo alichuchumaa. Akamwambia kwa mikono kwamba ng'ombe wanatoka. Kwandu akauliza ndama. Malongo akamwonyesha ndama. Kwandu akataka maziwa. Wakaendelea hivyo, na ng'ombe wakatoka wenyewe wakaenda njia waliyoizoea, Meja mbele na Karani nyuma.

Saa mbili na nusu Gervas alifika mbio, shati amelivaa kinyume, jicho moja bado limefumba. Ng'ombe wake walikuwa wanalia zizini. Watoto wake wamechelewa shule. Nyumba zote za jirani zilikuwa bado zimefunga milango.

"Malongo!" alihema. "Umekufa, au una nini? Mbona leo hatujakusikia?"

Malongo hakugeuka. Aliinua kidole kumwambia Gervas angoje, kwa kuwa binti yake alikuwa bado anazungumza.